Namna ya Kuwapokea Wanafunzi Wote Katika Maabara ya Mwaka wa Kwanza

Mhadhiri wa sayansi au uhandisi nchini Tanzania anapowapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hana budi kukumbuka kwamba wamefaulu mtihani uleule bila kupitia njia moja. Yupo aliyesoma kwenye maabara iliyokamilika, na yupo aliyetoka shule ya kata, mojawapo ya zile zilizojengwa kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004, ambaye huenda bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za kupimia kimiminika, aliiona ubaoni zaidi kuliko mkononi. Huyu akisitasita, anachokosa ni mazoea, si akili.

Kwa hiyo tenga vipindi vya mwanzo vya vitendo kwa ajili ya vifaa tu, wala usivitolee alama. Usiulize nani hajawahi kutumia bureti, maana hakuna atakayenyoosha mkono; fundisha wote. Waonyeshe namna ya kusoma kipimo jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa kimiminika, kisha kila mmoja ajaze, amwage na asome tena mpaka mkono uzoee. Kwa upande wa umeme, eleza mapema kwamba multimita, kifaa cha kupimia umeme, huunganishwa sambamba inapopima volti na mfululizo inapopima mkondo, kwa kuwa anayechanganya mambo haya huunguza fyuzi na, akichekwa, huenda asikiguse tena kifaa hicho muhula mzima.

Panapohitaji jicho kali zaidi ni ndani ya vikundi. Ukiviacha vijipange vyenyewe, mara nyingi utakuta wavulana wameshika bisibisi na wasichana wameshika kalamu, eti kwa sababu wana mwandiko mzuri. Bandika ratiba ya zamu inayoonyesha nani anaunganisha, nani anasoma vipimo na nani anaandika, na uisimamie. Wasichana wakiwa wachache, usiwatawanye mmoja mmoja ili kila kikundi kionekane kimechanganyika. Ni afadhali wakae wawili wawili, hata kama vikundi vingine vitawakosa.

Katika kompyuta, chuo cha Harvey Mudd cha California kilianza kubadilisha kozi yake ya utangulizi mwaka 2006, kikiwatenga waliokwisha kuandika programu na wanaoanza kabisa. Pamoja na hatua nyingine, sehemu ya wanawake katika fani hiyo ilipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi takriban 40 katika miaka michache. Anayedai kwamba kufanya hivyo ni kushusha kiwango hajaangalia wanafunzi hao wanamalizia wapi.

Kuhusu lugha, wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Waruhusu wabishane kwa Kiswahili wakati wa jaribio, na ripoti waiandike kwa Kiingereza baada ya hoja kueleweka.

Kwa mwanafunzi asiyeona, programu ya NVDA husoma maandishi kwa sauti na hupatikana bila malipo, lakini haiwezi kusoma vizuri kurasa zilizohifadhiwa kama picha. Mpe faili lenye maandishi halisi. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji meza ya chini yenye nafasi ya magoti. Zungumza na fundi sanifu wa maabara kuhusu meza hiyo kabla muhula haujafunguliwa, kwa sababu seremala wa chuo hana haraka.