Kuiingiza nchi kwenye mkataba mama: kuanzia ibara za mwisho hadi ripoti ya kwanza

Hivi karibuni nilikaa siku tatu na mwanasheria kijana aliyekabidhiwa faili nene lenye agizo la maneno mawili juu yake: "Shughulikia uridhiaji," yaani hatua za nchi kuukubali mkataba rasmi. Hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo, na aliyekuwa akiifanya alikuwa ameshastaafu. Nimeandika hapa tuliyopitia pamoja, nikichanganya na niliyojifunza mwenyewe kwa shida miaka ya nyuma.

Mkataba mama ni ule unaoweka misingi, vyombo na wajibu wa jumla, kisha mambo mazito yanafuata kwenye itifaki, yaani mikataba inayozaliwa chini yake, na kwenye marekebisho. Ule wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa 1992 uko hivyo. Ule wa Vienna wa 1985 wa kulinda tabaka la ozoni uko hivyo, na ule wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku wa 2003 pia. Mkataba wa namna hii hauishii siku unapousaini. Unaendelea kukua, na nchi inapaswa kukua nao.

Hatua ya 1: Anza kusoma kutoka nyuma

Chukua nakala iliyothibitishwa kwenye tovuti ya mikataba ya Umoja wa Mataifa. Usitumie ile inayozunguka kwa barua pepe ofisini. Mara nyingi ni rasimu ya wakati wa majadiliano. Ichape. Mimi siwezi kusoma mkataba kwenye skrini, na sijaona anayeweza kuusoma vizuri humo.

Dibaji ni nzuri, lakini iache kwanza. Ibara za mwisho ndizo zinazokuambia nani anaruhusiwa kuingia, kwa njia gani, kama unaweza kuridhia huku ukikataa kifungu fulani, baada ya siku ngapi mkataba utaanza kukubana, na unatokaje. Mkataba wa tumbaku, kwa mfano, ulifunga dirisha la kusaini tarehe 29 Juni 2004. Nchi ambayo haikusaini kabla ya hapo haiwezi "kuridhia". Inajiunga moja kwa moja. Nguvu ya kisheria ni ileile, ila neno kwenye hati ni tofauti, na neno hilo lina uzito, kama utakavyoona kwenye hatua ya 5.

Kuhusu kukataa vifungu: mkataba wa tabianchi, wa ozoni na wa tumbaku yote inakataza. Ukiingia, umeingia mzima. Waambie wakubwa jambo hili mapema, kabla mtu hajaahidi hadharani kwamba nchi itaingia "kwa masharti".

Hatua ya 2: Chora ukoo wa mkataba

Andika mkataba mama juu, itifaki chini yake, na marekebisho ya kila itifaki chini zaidi. Kisha weka alama penye jina la nchi yako.

Kwa ozoni ukoo ni mrefu. Kuna Mkataba wa Vienna, kisha Itifaki ya Montreal ya 1987, kisha marekebisho ya London 1990, Copenhagen 1992, Montreal 1997, Beijing 1999 na Kigali 2016. Kila moja ya hayo matano linahitaji hati yake. Nimekutana na maofisa walioamini kwa moyo safi kwamba nchi yao imekubali kupunguza gesi za HFC, zinazotumika kwenye majokofu na viyoyozi, kwa sababu tu "tuko kwenye Montreal". Wajibu wa HFC umo kwenye Marekebisho ya Kigali, usipoyaridhia, hayakuhusu. Ila usidhani kubaki nje hakuna gharama: Kigali imeweka katazo la biashara ya HFC na nchi zisizoyakubali kuanzia 1 Januari 2033.

Kinyume chake pia kipo. Itifaki hiyohiyo inaruhusu wanachama kukaza ratiba za kupunguza kemikali ambazo tayari zinadhibitiwa, na uamuzi huo unaibana nchi miezi sita baada ya taarifa rasmi, bila kurudi bungeni. Asiyefuatilia mikutano anaweza kubanwa bila habari.

Hatua ya 3: Linganisha na sheria zenu

Tumia jedwali moja la safu nne: ibara ya mkataba, sheria iliyopo, pengo, na nani ataliziba. Lisizidi kurasa chache. Nimeona ripoti za washauri zenye kurasa mia mbili ambazo hakuna waziri aliyefungua ukurasa wa kumi.

Lijaze pamoja na watu wa forodha, takwimu na bajeti, wala si wanasheria peke yao. Muda wa utekelezaji uandike kwa wino mwekundu: mkataba wa tumbaku unatoa miaka mitatu kwa maonyo ya afya kwenye pakiti na miaka mitano kwa katazo la matangazo, na saa inaanza kuhesabu siku mkataba unapoanza kutumika kwa nchi yako. Pengo la sheria halitakuokoa baadaye. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba wa 1969 inasema wazi kwamba nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama sababu ya kutotimiza mkataba.

Hatua ya 4: Idhini ya ndani

Fuata katiba yenu. Marekani wanahitaji theluthi mbili ya Seneti, Uingereza mkataba unawekwa mbele ya Bunge siku 21 za vikao, kwingine ni kura ya kawaida ya Bunge.

Hatua ya 5: Hati ya kuridhia

Hapa ndipo nilipopoteza karibu mwaka mzima, kwa hiyo nivumilie.

Bunge lilipitisha, magazeti yakaandika "nchi yaridhia", sisi tukapeana mikono. Miezi minane baadaye nikaenda kuangalia orodha ya wanachama kwenye tovuti, na jina letu halikuwepo. Kila ofisi ilidhani nyingine imeshatuma karatasi. Hakuna aliyekuwa ameiandika.

Kura ya Bunge ni ruhusa ya ndani kwa serikali kuendelea. Dunia nje haijui lolote mpaka hati rasmi ipokelewe na mtunza mkataba. Kwa mikataba mingi ya aina hii mtunzaji ni Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na ofisi inayopokea ni Sehemu ya Mikataba, New York. Hata saini ya mwanzo haitoshi: inakupa wajibu wa kutokwenda kinyume na lengo la mkataba, basi. Marekani ilisaini mkataba wa tumbaku mwaka 2004 na haijawahi kuuridhia.

Tulipoiandika hati, ilirudi. Ilikuwa imesainiwa na waziri wa sekta, kwa sababu mkataba ulikuwa wa sekta yake. Wenye mamlaka ya kusaini ni watatu: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, na waziri wa mambo ya nje, au anayekaimu nafasi mojawapo. Mtu mwingine yeyote lazima awe na hati ya mamlaka kamili iliyotolewa na mmoja wa hao. Usijaribu njia hiyo ya pili kama unaweza kuikwepa. Ni karatasi mbili za kukosea badala ya moja.

Kabla haijaenda kusainiwa, hakikisha hati ina:

- jina kamili la mkataba, na tarehe na mahali ulipopitishwa. Tuliwahi kuandika jina la mkataba mama ilhali tulikuwa tunaridhia itifaki yake;
- tamko lisilo na utata kwamba serikali "inaridhia" au "inajiunga", kulingana na hatua ya 1, na kwamba itatekeleza;
- tarehe na mahali ilipotolewa, saini, na jina na cheo cha aliyesaini.

Kama lugha ya hati si Kiingereza wala Kifaransa, ambatanisha tafsiri. Kama mkataba unadai matamko fulani wakati wa kuridhia, yaende pamoja na hati.

Anayeipeleka hahitaji mamlaka yoyote. Hata tarishi anafaa. Lakini tarehe inayohesabiwa ni ya kupokelewa New York, si ya kusainiwa wala ya kuondoka kwenu. Omba uthibitisho wa maandishi, kisha siku chache baadaye fungua tovuti uone kwa macho yako.

Hesabu ya siku ifanye kwa kalenda, siku ya kupokelewa usiihesabu. Urusi iliwasilisha hati ya Itifaki ya Kyoto, iliyo chini ya mkataba wa tabianchi, tarehe 18 Novemba 2004. Itifaki ilihitaji nchi 55, na miongoni mwake nchi tajiri kiviwanda zenye angalau asilimia 55 ya hewa ukaa ya kundi hilo mwaka 1990. Hati hiyo moja ndiyo iliyokamilisha kiwango, na siku ya 90, 16 Februari 2005, Kyoto ikaanza kutumika duniani. Makubaliano ya Paris, nayo chini ya mkataba huohuo, yana siku 30: Marekani iliyokuwa imejitoa ilirudisha hati 20 Januari 2021, ikawa mwanachama tena 19 Februari.

Hatua ya 6: Kuutimiza

Siku hiyohiyo hati inapopokelewa, weka kwenye kalenda tarehe ya ripoti ya kwanza. Mkataba wa tumbaku unaitaka ndani ya miaka miwili tangu uanze kutumika kwa nchi yako. Itifaki ya Montreal inataka takwimu za kila mwaka ndani ya miezi tisa baada ya mwaka kwisha. Paris inataka mchango mpya wa taifa, yaani mpango wake wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, si pesa, kila miaka mitano.

Mteue mratibu kwa cheo, wala si kwa jina, na anwani ya barua pepe iwe ya ofisi. Taarifa za sekretarieti zikienda kwa mtu aliyehama, hakuna atakayejua kama muda wa kukataa badiliko la kiambatisho umepita. Chini ya mkataba wa tabianchi muda huo ni miezi sita, na kunyamaza ni kukubali.

Ada ya mwaka iingie kwenye bajeti kuu. Ikitegemea mradi, mradi ukiisha na ada imeisha.

Na kama siku moja mtaambiwa mwandike barua ya kujitoa, rudi tena kwenye ibara za mwisho kabla ya kushika kalamu. Mkataba wa tabianchi unataka miaka mitatu ipite kwanza tangu uanze kutumika kwenu, kisha mwaka mmoja tangu barua ipokelewe. Tena anayeondoka kwenye mkataba mama huhesabiwa ameondoka na kwenye itifaki zake zote, hata kama hakuzitaja.