Kupanga vitufe vya kurudi na kuendelea kwenye programu

Kabla ya kuchora kitufe, amua kinampeleka mtumiaji wapi. Aliyeruka kutoka ukurasa wa 1 hadi wa 5 akibofya kurudi, je, aende wa 4 au wa 1? Kwenye tovuti, kumrejesha alikotoka ni kazi ya kivinjari. Vitufe vyako vifuate mpangilio wa kurasa na viseme hivyo: "Ukurasa uliotangulia" na "Ukurasa unaofuata" kwenye orodha, "Rudi" na "Endelea" kwenye fomu ya hatua kadhaa. Mshale peke yake huacha watu wakibahatisha.

Kama programu ndiyo inayotunza historia, weka marundo mawili ya kurasa, la nyuma (alizopitia) na la mbele (alizorudi kutoka kwake). Mtu akirudi, ukurasa alipo unahamia rundo la mbele. Akifungua ukurasa mpya, futa rundo la mbele lote, la sivyo ataletewa kurasa za njia aliyokwisha kuiacha.

Vitufe visihame. Anayepekua kurasa nyingi hatazami tena kitufe: kielekezi kimetulia pale pale, anabofya tu. Vikikaa chini ya maandishi yenye urefu tofauti, vitapanda na kushuka kila ukurasa, kwa hiyo vibandike kwenye upau usiosogea. Kwenye ukurasa wa kwanza wa orodha, zima kitufe cha kurudi lakini nafasi yake ibaki. Ukikiondoa, jirani yake anasogea na mtu anabofya kisichokusudiwa. Kwa ukubwa, Android hupendekeza dp 48 (kipimo chake kisichobadilika na wingi wa nukta za skrini) kila upande na Apple pointi 44. Kwa Kiarabu au Kiebrania, zinazosomwa kutoka kulia, geuza mishale pamoja na nafasi za vitufe.

Fomu ndiyo yenye mitego. Kwenye HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, kitufe kilicho ndani ya fomu kisipotajiwa aina huhesabiwa kuwa cha kutuma, na mtu akibonyeza Enter kwenye kisanduku cha maandishi, kivinjari huchukua kitufe cha kutuma kilicho cha kwanza kwenye msimbo wa fomu. "Rudi" huandikwa kwanza kwa sababu hukaa kushoto. Basi mtu anajaza jina, anabonyeza Enter, anajikuta amerudishwa nyuma! Dawa ni kukiandikia "Rudi" type="button", yaani kitufe cha kawaida kisichotuma fomu.

"Rudi" kisikague makosa wala kisifute kilichojazwa. Ukaguzi ni wa "Endelea", nacho kifungwe mara kinapobofywa hadi ukurasa mpya ufunguke, maana mbofyo wa pili wa haraka huruka hatua nzima. Hatua ya mwisho iwe ya kupitia majibu, na kitufe chake kitaje kazi yenyewe, mfano "Tuma maombi".

Ukimaliza, jaribu kwa kibodi pekee: jaza nusu ya hatua ya pili, rudi, endelea tena, kisha uangalie kama ile nusu bado ipo.