Ukimpeleka mgonjwa Hyderabad, tenga siku ya ngome ya Golconda

Watu wa huku Kisumu mkienda India na mgonjwa, kuna siku mtakaa tu mkingoja majibu ya vipimo. Kama mko Hyderabad, siku hiyo nenda Golconda. Mimi mara ya kwanza nilikimbilia kileleni kupiga picha nikashuka sijaelewa kitu, ikabidi nirudi.

Kabla ya safari, pitia Thimlich Ohinga, ngome ya kale ya mawe kule Migori, uone mawe yaliyopangwa bila simiti na vile milango ni mifupi, lazima uiname ndo uingie. Ngome inasomwa hivyo, unaingia kama adui.

Sasa Golconda anzia Fateh Darwaza, lango la nje. Mlango una misumari mikubwa ya chuma, hiyo ni ya kuzuia ndovu wa vita wasiusukume kwa kichwa. Halafu lango la Bala Hisar, ile ngome ya ndani, utakuta ukuta umesimama mbele yake, unakata kona utake usitake, manake ndovu akikosa nafasi ya kukimbia anakosa pia nguvu ya kuvunja. Ingia chini ya kuba hapo upige makofi, mwenzako aliye juu kabisa atayasikia, na hiyo ndo ilikuwa alamu yao. Kwa hivyo muwe wawili, mfike asubuhi kabla kelele hazijajaa.

Ngazi zinapita 300, beba maji. Ukipanda angalia pembeni, mwamba hawakuung'oa, waliunganisha ukuta nao, mawe mazito yamebebana kama yale majabali ya Kit Mikayi karibu na Kisumu kabisa. Tafuta pia mabomba ya udongo, maji yalipandishwa kwa magurudumu kutoka tangi moja hadi lingine mpaka juu, na hapo nilisimama sana, nikifikiria mifereji yetu inayokauka na ziwa liko pale tu.

Historia kwa ufupi, ilianza kama ngome ya udongo, masultani wa Qutb Shahi walioanza kutawala 1518 wakaijenga kwa mawe, na 1591 wakaanzisha mji wa Hyderabad. Aurangzeb, mfalme wa Mughal, aliizingira karibu miezi 8 mwaka 1687 na kuta hazikushindwa, ni msaliti wa ndani aliyefungua lango. Rudi usimame mbele ya lile la misumari ukijua hivyo.

Ukitoka pitia makaburi ya masultani, yako karibu. Yule wa mwisho, Abul Hasan, hayuko hapo. Alifungwa kwenye ngome ya Daulatabad akafia huko.