Jinsi ya kuiandaa sini kabla ya kamera kuwaka, na kuishi na jina baada yake

Waigizaji wengi wachanga huanza na hisia. Wanasoma skripti usiku, wanaamua hapa nitalia, hapa nitafoka, kisha wanakwenda seti, mahali filamu inapopigwa, na kilio kikiwa tayari. Mwigizaji mwenzake akibadilisha sauti kidogo tu, mtu wa namna hiyo hana la kufanya, kwa kuwa alishaamua kila kitu peke yake chumbani. Anza na lengo na maneno; hisia zitakuja zenyewe.

Soma skripti yote mara mbili kabla ya kushika kalamu, hata kama una sini moja tu, yaani tukio moja la filamu. Kisha jibu kwa maandishi, ukijiweka mahali pa mhusika wako: nimetoka wapi sasa hivi? Nataka nini kwa huyu aliye mbele yangu? Nini kinanizuia? Jibu la swali la pili lazima liwe jambo linalotendeka, kwa mfano "nataka aondoke kabla mke wangu hajarudi". "Nina huzuni" si jibu, kwa sababu huzuni haichezeki. Kinachochezeka ni kujikaza usilie mbele ya mtu anayekudai. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji Mrusi, mmoja wa waanzilishi wawili wa jumba la maigizo la Moscow Art Theatre mwaka 1898, aliiweka hoja hii ya lengo katikati ya mafunzo yake, na bado ndiyo njia fupi kuliko zote.

Sasa shika mistari, ila usiikariri kwa mahadhi. Isome kwa sauti kavu, haraka, mistari minne au mitano kwa mpigo, kisha ongeza kipande kingine. Ukikariri ukiwa umeshatia hisia, mahadhi yale yanaganda. Mwongozaji akikuambia ujaribu ukiwa mchangamfu, mdomo unarudi kulekule. Shika pia maneno ya mwenzako, hasa lile linalokufanya utake kujibu. Mara nyingi liko katikati ya kauli yake, si mwishoni. Lala, rudia asubuhi, kisha jipime huku ukiosha vyombo au kukunja nguo. Ukisita, bado hujashika. Akili inayotafuta neno haiwezi kusikiliza, na kamera huyaona macho yanapokwenda kulitafuta.

Kwenye seti, sini moja hupigwa mara nyingi: kwa kawaida picha pana kwanza, halafu kila mtu kwa karibu. Kwa hiyo ulichofanya kwenye picha pana kimekufunga. Kama uliinua kikombe kwa mkono wa kulia uliposema "sikumwona", ukakitua kabla ya "jana", fanya hivyohivyo kila teki, yaani kila mara sini inapopigwa upya. Ukibadili mkono, mhariri atashindwa kuunga picha hizo mbili, na huenda akaiacha teki yako bora akachukua dhaifu yenye mkono sahihi. Chagua vitendo vichache, kila kimoja ukifunge kwenye neno lake. Sini ya chakula? Kata matonge madogo na uombe ndoo ya kutemea, maana utakula chakula kilekile hadi jua lizame.

Alama iliyobandikwa sakafuni kukuonyesha pa kusimama usiitazame unapoigiza. Kabla ya kupigwa, simama juu yake, rudi kinyumenyume ukihesabu hatua hadi unapoanzia. Idadi hiyo ndiyo itakayokufikisha. Ukiipita hata kidogo, fokasi ya kamera inaweza kukukosa, ukatoka na ukungu. Kwenye picha ya karibu, tazama jicho moja la mwenzako, lile lililo karibu na kamera, kwani kuhama jicho hadi jicho huonekana kama wasiwasi. Usimdakie maneno pia isipokuwa mwongozaji ametaka, kwani sauti zikipandana ni vigumu kuzitenganisha. Zamu yake ya kupigwa ikifika, mpe uigizaji kamili ingawa wewe huonekani. Anayesoma mistari huku akichezea simu anamharibia mwenzake kazi, na huo ni utovu wa adabu.

Siku ikiisha, mvue mhusika kwa vitendo: badili nguo palepale seti, nawa uso, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta kwa dakika chache. Mtaje kwa jina lake, "yeye alimpiga", si "mimi nilimpiga". Baada ya sini ya ukatili, kaa kidogo na mliyecheza naye, mzungumze mambo mengine kabisa.

Jina likishakua, watu watakuita kwa jina la mhusika, na wengine watakulaumu kwa maovu yake. Usibishane. Salimia, shukuru, piga picha moja ukiwa wima, endelea na safari. Namba ya simu ya kazi iwe mbali na ya nyumbani, na picha za mahali ulipo zitume ukishaondoka. Lakini usiache kupanga foleni na kununua vitu mwenyewe. Pale ndipo utamwona mtu akihesabu sarafu zisizotosha, anavyozificha kiganjani kabla muuzaji hajaona. Ukifika nyumbani andika mikono yake ilifanya nini, kwa mpangilio uleule. Siku moja utaihitaji.