Umeme umerudi, seva imelala: namna ya kusoma logi ya UPS kabla hujamlaumu mtu

Umeme ukirudi kila mtu anakimbilia kuwasha mashine, afu baadaye bosi akiuliza mbona seva ilizima na UPS tunayo (kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika), ndo majibu yanaanza kutungwa: oh umeme ulikatika muda mrefu, oh UPS yenyewe ndogo, oh hawa watu wa umeme. Kumbe jibu limekaa kwenye faili moja, logi, yaani rekodi ya matukio, ambalo hakuna aliyelifungua. Na swali lenyewe ni moja tu wakuu, toka umeme ukatike mpaka mashine izime zilipita dakika ngapi, na je ilizima kwa utaratibu au ilianguka tu? Ukishapata hayo mengine yote yanafuata.

Hapa natumia apcupsd, ile programu ya bure inayoongea na UPS za APC kupitia waya wa USB, maana ndo utakayoikuta kwenye seva nyingi ndogo za Linux. Kama we unatumia NUT, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, maneno ni tofauti kidogo lakini akili ni ile ile: OL UPS iko kwenye umeme wa ukutani, OB iko kwenye betri, LB betri iko ukingoni, RB betri inaomba kubadilishwa.

Kabla hujagusa kitu chochote nakili faili la /var/log/apcupsd.events uliweke pembeni. Afu andika apcaccess, amri ya kuonyesha hali ya UPS, enter, na majibu yake nayo uyahifadhi. Ila angalia, ukikuta NUMXFERS (mara ngapi UPS imeruka kwenda kwenye betri) ni 0 usishangae wala usiseme UPS haikwenda kwenye betri, hiyo hesabu inaanza upya kila programu ikiwashwa upya, na seva si ilianguka? Basi ndo maana.

Halafu saa. Hapa watu wengi wanapotea mapema kabisa. Logi inaandika 19:42, we kichwani una saa 1 na dakika 42 usiku, hiyo sawa, lakini mwisho wa saa angalia kuna +0300 au hakuna. Seva nyingi zimeachwa kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu masaa matatu, kwa hiyo tukio la saa 1:42 usiku utalikuta limeandikwa 16:42 na utasema aah hili la alasiri halihusiki, unaliruka, na ndo lenyewe. Ongeza masaa matatu. Na kama unasoma logi ya kwenye UPS yenyewe ile yenye kadi ya mtandao, ukikuta tukio la mwaka 1970 au 2000 jua saa ya kadi haijasetiwa, hapo itabidi ulinganishe na kitu kingine. Mi huwa naangalia grupu la WhatsApp la mtaa, kuna jirani hakosi, dakika ile ile umeme ukikatika anaandika "kwenu upo?"

Sasa tuangalie mfano, hii nimeitengeneza kwa ajili ya maelezo ila za hivi zipo kibao:

2025-03-14 19:42:10 +0300 Power failure.
2025-03-14 19:42:16 +0300 Running on UPS batteries.
2025-03-14 19:42:58 +0300 Battery charge below low limit.
2025-03-14 19:42:58 +0300 Initiating system shutdown!

Mstari wa kwanza na wa pili vimepishana sekunde 6. Hiyo siyo hitilafu, programu inasubiri kwanza ione kama umeme ulipepesa tu, na sekunde 6 ndo zinakuja zimesetiwa toka mwanzo, kwenye mipangilio inaitwa ONBATTERYDELAY. Ndo maana wakati mwingine utakuta "Power failure." afu chini yake "Power is back. UPS running on mains." bila huo mstari wa betri katikati, hayo ni mapepe ya sekunde mbili tatu, taa zinafifia na kurudi, ukikuta moja moja yapite tu.

Shida iko kati ya mstari wa pili na wa tatu. Sekunde 42! Yaani betri imetoka kuwa nzima mpaka kushuka chini ya kiwango ndani ya muda ambao hata tochi ya simu hujaipata. Na ukimuuliza mwenye ofisi atakwambia asubuhi ile aliangalia ikaonyesha 100%, na hadanganyi, ilionyesha kweli. Kwenye UPS hizi za kawaida, ile asilimia inakwambia betri imejaa kwa kadiri inavyoweza kujaa, haikwambii inaweza kubeba kiasi gani. Betri iliyozeeka ni kama ndoo iliyojaa mchanga nusu, ukiimwagia maji inajaa haraka na inaonekana imejaa mpaka juu, maji yenyewe ni kidogo. TIMELEFT, yaani dakika zilizobaki, nayo ni makadirio, kwenye betri iliyochoka inaweza kukuahidi dakika 25 na ikakupa moja.

Namba ya kuangalia hapo ni BATTV, volti za betri. Betri moja ya volti 12 ikiwa inachajiwa imeshajaa inakaa kwenye 13.5 hivi, ikibebeshwa mzigo inashuka taratibu, na ikifika kama 10.5 ndo mwisho. Inayoshuka taratibu ni nzima, inayodondoka toka 13 mpaka 11 papo hapo ukichomoa waya ukutani imekwisha, haijalishi asilimia inasema nini. Ukitaka kuhakikisha usijaribu na seva ikiwa hewani, tafadhali, toa seva, chomeka balbu mbili tatu za zamani zile za waya, za wati 60, chomoa UPS ukutani, hesabu muda. Na usishangae betri ya miaka miwili kuwa imekufa. Betri hizi za risasi kwenye makaratasi zinapewa miaka 3 mpaka 5 ila ni kwenye nyuzi joto 25 hivi, na kila joto likipanda kama nyuzi 10 umri unakatika karibu nusu, sasa chumba cha seva cha Dar kisicho na AC mwezi wa pili, fikiria mwenyewe.

Hiyo ilikuwa logi inayoongea. Kuna logi inayonyamaza na hii ndo mbaya zaidi. Unakuta "Running on UPS batteries." halafu mstari unaofuata ni wa masaa matatu baadaye, apcupsd imewashwa upya. Katikati hamna kitu, hamna "Initiating system shutdown!", hamna hata ile "apcupsd exiting, signal 15" ambayo inaandikwa programu ikizimwa vizuri. Maana yake mashine ilianguka. Thibitisha upande wa pili: kwenye Linux piga last -x uone kama ipo shutdown kabla ya reboot, kwenye Windows fungua Event Viewer, namba 41 na 6008 ni mashine iliyokatika ghafla, 1074 ni iliyozimwa kwa amri. Rauta za MikroTik zenyewe zinasema wazi, zinaandika "router was rebooted without proper shutdown, probably power outage".

Kwa nini ilianguka? Kama pengo ni la sekunde chache, betri imekufa kabisa au mzigo umezidi. Angalia LOADPCT (asilimia ya mzigo UPS iliyobeba) wakati wa kazi za kawaida, na angalia kwa macho pia nini kimechomekwa nyuma. Ukikuta printa ya leza iko kwenye UPS umemaliza uchunguzi, ikianza kupasha moto kuchapa inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS iliyoandikwa 650VA mara nyingi haifikishi hata wati 400. Umeme ulipokuwepo UPS ilikuwa inapitisha tu, ulipokatika mtu akabonyeza print ya risiti ya mwisho, kwisha habari. Kama pengo lilikuja baada ya dakika 20 nzuri tu, betri ilifanya kazi ila ilishuka ghafla mwishoni kabla programu haijapewa taarifa. Apcupsd inakuja imesetiwa kuzima mashine betri ikibaki 5% au dakika 3, ipi itangulie, na kwa betri yenye umri hiyo 5% haifiki, inaruka toka 20 mpaka sifuri. Nenda /etc/apcupsd/apcupsd.conf, BATTERYLEVEL weka 30 au zaidi, MINUTES weka 10. Kama una mashine pepe (virtual machine) ndani pima kwanza zinachukua muda gani kuzima zote.

Na usisome usiku ule tu. Rudi nyuma masaa 24. Kipindi cha mgao umeme unakatika asubuhi, unarudi kwa masaa mawili, unakatika tena, na UPS kujaza betri iliyokwisha inachukua masaa 6, 8, mpaka zaidi, kwa hiyo mkato wa tatu unaikuta betri nusu halafu mnasema UPS mbovu.

Kuna na ile logi yenye "Power failure." na kurudi, kurudi na kukatika, mara thelathini kati ya saa 1 na saa 3 usiku, na we ulikuwepo na taa hazikuzimika. Hapo umeme haukukatika, ulishuka. LASTXFER, sababu ya mwisho ya UPS kwenda kwenye betri, itakwambia "Low line voltage". Linganisha LINEV (volti za ukutani) na LOTRANS (volti ambazo zikishuka chini yake UPS inaruka kwenda kwenye betri), kama LOTRANS ni 180 na mtaa wenu jioni unacheza 178, 183, 176, UPS inaruka huku na huku usiku kucha na betri inalika bure. Dawa ni stebilaiza au kuripoti njia yenu imezidiwa, betri mpya utaiua vile vile.

Jenereta nalo lina yake. Umeme umekatika, jenereta limewaka, jengo zima lina taa, ila UPS imeng'ang'ania betri mpaka ikaisha. Ukiona LASTXFER imeandika "Unacceptable line voltage changes" au "Line voltage notch or spike" basi UPS inaukataa umeme wa jenereta kwa sababu ni mchafu. Kwenye modeli zinazoruhusu, shusha SENSE (ukali wa UPS kukagua umeme) toka High mpaka Low, na mwambie fundi acheki mzunguko, unatakiwa kuwa Hz 50, jenereta likizidiwa unashuka.

La mwisho ni lile linalowachanganya wengi: kila kitu kwenye logi kiko safi, seva ilizima vizuri kabisa, umeme ukarudi dakika moja baadaye, na seva ikalala mpaka asubuhi mtu alipokuja kuibonyeza. Angalia "Mains returned" imekuja muda gani ukilinganisha na "Initiating system shutdown!". Seva iliyosetiwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe) ijiwashe umeme ukirudi lazima kwanza ione umeme umekatika kwake, na hapa haukukatika, UPS iliendelea kuulisha muda wote. Kwa hiyo programu ikishazima mashine inatakiwa iiamuru UPS ikate umeme wa kutoka, ndo ule ujumbe "Attempting to kill the UPS power!" unaotokea kwenye skrini mwishoni kabisa, hata kama umeme wa ukutani umesharudi. Ikikata, inasubiri, inawasha tena, seva inaamka. Kama ujumbe huo hauji, sehemu ya killpower haijaunganishwa kwenye hatua za mwisho za kuzima mfumo, na hiyo utairekebisha mchana umeme ukiwepo, na mtu wa kubonyeza akiwa karibu.