Kutenga taka za jikoni na bustani kwa ajili ya mboji

Mboji nyingi huharibikia jikoni, kabla taka hazijafika kwenye lundo. Zikishachanganyika na mifuko na vigae vya chupa, hakuna atakayekaa kuzichambua. Weka ndoo mbili pale unapomenyea: moja ya lita 10 yenye mfuniko kwa mabaki yanayooza, nyingine kwa yasiyooza. Majani makavu ya uani yakae kwenye kiroba karibu na lundo, yasinyeshewe.

Ndoo ya mabaki inapokea maganda, mashina ya mchicha na mnafu, majani ya chai, machicha ya nazi na maganda ya mayai yaliyopondwa. Tandika kwanza konzi mbili za maranda zinyonye maji, na uimwage kila baada ya siku mbili. Nyama, samaki, maziwa na chakula chenye mafuta visiingie, maana panya na mbwa watalifukua lundo. Kinyesi cha mbwa na paka huweza kuwa na minyoo, nacho kikae mbali.

Nyumba nyingi za Moshi zinazidiwa na maganda ya ndizi. Mwenye ng'ombe au mbuzi awape kwanza, halafu samadi ndiyo ije kwenye mboji. Hakuna matumizi bora zaidi ya hayo. Asiyefuga ayakatekate vipande vya urefu wa kidole. Maganda mazima hulaliana, hewa haipiti, na katikati panageuka tope jeusi linalonuka. Gogo la mgomba nalo ni maji matupu, hivyo lihesabu kama taka mbichi, hata likionekana gumu.

Kila ndoo moja ya mabichi ifunikwe na ndoo mbili hadi tatu za makavu: majani makavu ya mgomba, mabua ya mahindi yaliyokatwa, maranda. Lundo lifike mita 1 kila upande. Dogo kuliko hapo halitunzi joto.

Magugu yanahitaji umakini. Ndago ina vinundu ardhini ambavyo lundo la nyumbani mara nyingi haliviui, na sangari huchipua kwa kipande kidogo tu cha mzizi. Vianike juu ya bati mpaka vikatike kwa mkono, la sivyo utavipanda mwenyewe kwenye tuta. Mgomba wenye ugonjwa wa mnyauko usiutie kabisa.

Chomeka fimbo katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe: ikiwa na joto na unyevu, mambo yanaenda. Ikitoka kavu yenye utandu mweupe, mwagia maji. Ikinuka yai bovu, hewa imekosekana, basi geuza na ongeza makavu. Harufu kali kama ya mkojo inamaanisha mabichi au samadi vimezidi. Majivu mengi huizidisha.

Wakati wa masika funika lundo kwa turubai. Geuza kila wiki 3, na mboji iwe tayari kwa miezi 3 hadi 4, nyeusi na isiyotambulika ilitokana na nini. Chekecha, kokwa za parachichi na vijiti vilivyobaki vitie kwenye lundo jipya.