Somo: Umechaguliwa Hisabati au Takwimu chuo kikuu? Anzia hapa

Habari za leo, wadau. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali linalonifikia ni lile lile: "Nimepata nafasi ya Hisabati, nitapata kazi au nitaishia kufundisha tuisheni?" Kazi zipo, ila tangazo la kazi haliandikwi "Mwanahisabati anahitajika". Utaona mtakwimu, mchambuzi wa data, mchambuzi wa mikopo, ofisa ufuatiliaji na tathmini, mtaalamu wa takwimu bima. Ukisubiri mpaka mahafali ndipo uanze kuulizia mlango ulipo, utahangaika. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania, kwa sababu ndiko ninakokujua vizuri.

Hatua ya 1: Usisome jina la shahada, soma orodha ya kozi

Majina yanafanana, yaliyomo hayafanani. Shahada ya Hisabati tupu itakuzamisha kwenye aljebra, analisisi, milinganyo na uthibitisho. Takwimu itakupa uwezekano, sampuli, regresheni na ubunifu wa tafiti. Vyuo vingine huichanganya na uchumi. Takwimu bima, ambayo wanafunzi wengi huiita akchuari, ni uwezekano uliofungwa kwenye fedha na maisha ya watu: mtu wa miaka 40 ana uwezekano gani wa kufika 60, na kwa hiyo alipe bima kiasi gani leo. Halafu kuna Hisabati yenye Elimu, ya walimu.

Wanaotaka takwimu za kiserikali hasa wasiache kuangalia Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, pale Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani). Kilianzishwa mwaka 1961 na kina ngazi za astashahada na stashahada pia, jambo ambalo watu wengi wa kidato cha nne hawalijui.

Chukua kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kisha ingia tovuti ya chuo utafute kozi za mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza hauonyeshi tofauti, kwani kila mtu anasoma kalkulasi.

Hatua ya 2: Maombi

Hapa nitapita haraka. Unaomba chuoni moja kwa moja. Kiwango cha chini cha kawaida kwa aliyemaliza kidato cha sita ni pointi 4.0 katika masomo mawili yanayotambuliwa na programu hiyo (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), lakini kozi nyingi za eneo hili zinataka Advanced Mathematics iwe mojawapo. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) una dirisha lake peke yake. Usidhani kuomba chuo ndiyo umeomba mkopo.

Hatua ya 3: Mwaka wa kwanza, badilisha namna ya kusoma

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo watu wenye A za shuleni wanapoanza kupata sapu (mtihani wa marudio) na kutoamini macho yao.

Shuleni hisabati ni kukokotoa. Unaona swali, unakumbuka njia, unapata jibu. Chuoni unaulizwa kwa nini njia hiyo ni halali. Mfano: mlolongo 1, 1/2, 1/3, 1/4, na kuendelea. Kila mtu anaona unakaribia sifuri. Mwalimu wa analisisi hataki unavyoona, anataka uthibitishe. Fikiri hivi: mwenzako akupe namba yoyote chanya, hata iwe ndogo namna gani. Akikupa 0.001, wewe unamwonyesha kwamba baada ya hatua ya 1000 kila namba ya mlolongo ni ndogo kuliko hiyo. Akipunguza hadi 0.000001, unamwonyesha hatua ya 1,000,000. Kuthibitisha ni kuonyesha kwamba akikupa namba *e* yoyote, una jibu lililo tayari: pita hatua ya 1/*e*. Basi. Hakuna kukokotoa kwa kutisha hapo. Ugumu ni kwamba lazima ujue neno "unakaribia" lina maana gani hasa, na uiandike kwa mpangilio usio na tundu.

Desa (notsi za kupokezana) halitoshi kwa kazi hii. Ukisoma uthibitisho mara tano utadhani umeuelewa; funga desa, chukua karatasi tupu, andika kutoka mwanzo. Pale unapokwama ndipo ulipo ujinga wako, kasome hapo tu. Kwenye diskasheni mtu mmoja asimame ubaoni na wengine wamwulize "kwa nini?" kila mstari. Kundi la watu kumi linalomsikiliza kipanga mmoja akitiririka halisaidii yeyote isipokuwa kipanga. Pasti pepa ziwe za mwisho, za kujipima. Ukianza nazo utakariri maswali ya mwaka juzi.

Kingine, kozi hizi zimebebana. Kalkulasi ikikushinda, uwezekano utakushinda, kwa sababu eneo chini ya mchirizo ndilo uwezekano wenyewe. Uwezekano ukikushinda, nadharia ya takwimu itakuwa Kichina. Anayebeba kozi ya semista ya kwanza mpaka mwaka wa pili haongezewi kozi moja tu, anasoma nyingine tatu bila msingi. Wengi wanaodisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) kwenye programu hizi hawakuwa wazembe. Walichelewa kuziba tundu la kwanza.

Hatua ya 4: Mwaka wa pili, shika data za kweli

Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, zote ni za bure. Programu za SPSS na Stata utakutana nazo maofisini, na ukijua R hazitakusumbua. Excel usiidharau hata kidogo.

Anza na kitu kidogo. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120. Tafuta kasi ya ongezeko kwa mwaka. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, chukua logi asilia, gawanya kwa 10: utapata kama asilimia 3.2. Kwa kasi hiyo watu wanaongezeka maradufu kwa takribani miaka 22. Ukiweza kumweleza diwani wa kata yako hesabu hiyo ina maana gani kwa madarasa na visima, umeshaanza kazi ya mtakwimu.

Ukishazoea, pakua data za utafiti wa kitaifa unaofuatilia kaya kwa awamu, ulioanza 2008/09. Zipo kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, unajisajili tu. Hapo utakutana na uzito wa sampuli, kitu ambacho darasani kinapita kama upepo na kazini kinafukuzisha watu. Tuchukue mfano wa kubuni: mkoa una wilaya mbili, moja ina kaya 90,000 na nyingine 10,000. Umehoji kaya 200 kila wilaya. Kubwa ina umeme asilimia 30, ndogo asilimia 80. Ukijumlisha tu kaya zako 400 utaandika kwamba mkoa una asilimia 55. Si kweli. Wilaya kubwa inabeba sehemu 9 kati ya 10, kwa hiyo ni 0.9 mara 30 kujumlisha 0.1 mara 80, yaani asilimia 35. Programu haitakuonya. Itakupa 55 na desimali nne nzuri kabisa.

Hatua ya 5: Fildi

Usiende fildi ofisi ya mjomba kupiga muhuri barua. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ofisi za takwimu za mikoa, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwa walioko Zanzibar, idara ya mipango ya halmashauri, benki, kampuni za bima, taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara: andika barua mapema, kwa ofisi kadhaa. Kazi ya udadisi (kuhoji watu) kwenye tafiti nayo ni shule. Waliozunguka na vishikwambi kama makarani wa sensa 2022 wanajua kitu ambacho hakimo kwenye kitabu: jinsi swali moja linavyojibiwa tofauti baba akiwepo na asipokuwepo.

Hatua ya 6: Chagua mlango

Serikalini matangazo hupitia Sekretarieti ya Ajira. Nafasi za mtakwimu ni chache na waombaji wengi, ila usaili wake mara nyingi huuliza vitu vya msingi: tofauti ya mchepuko sanifu na kosa sanifu, aina za sampuli. Wanaokwama ni waliosahau mwaka wa kwanza.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yanataka ufuatiliaji na tathmini. Huko kuandika vizuri kunalipa kuliko kujua nadharia ngumu. Jifunze KoboToolbox na CSPro, programu za kukusanyia data, hazina gharama kubwa ya kuanzia na zinatumika kila mahali.

Benki na kampuni za simu zinataka mtu wa kukadiria nani atalipa mkopo na nani hatalipa. Kwa maoni yangu huu ndio mlango unaofunguka kwa kasi zaidi, na ndio ambao vyuo vyetu vinauandaa kidogo kuliko yote.

Takwimu bima ina njia ndefu. Shahada ni mwanzo tu. Baada yake kuna mitihani ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza au Society of Actuaries ya Marekani, kila mmoja unalipiwa kwa fedha za kigeni, na kumaliza yote huchukua miaka. Lakini kampuni za bima na mifuko ya pensheni kama NSSF na PSSSF lazima ipimwe kama itaweza kuwalipa wastaafu wa baadaye, na wenye sifa kamili za kufanya upimaji huo ni wachache.

Anayetaka kuendelea na masomo aitazame AIMS (taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati), iliyoanzia Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003. Ina kituo Kigali, na shahada yake ya uzamili ya sayansi za hisabati imekuwa ikitolewa kwa ufadhili.

Sasa maswali.

Mwanachama, Shinyanga: Shikamoo mkuu. Nimemaliza EGM. Economics B, Geography B, Advanced nina D. Nimekata tamaa ya Takwimu, niende tu kozi nyingine?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. D ni ufaulu kamili, siyo subsidiari. B na D zinakupa pointi 6, umeshavuka kiwango cha chini. Programu nyingine zinataka C ya Advanced, hizo ziruke; zile zinazochanganya takwimu na uchumi ndizo zitakazokutazama vizuri. Ila hiyo D ina ujumbe. Kabla chuo hakijafunguliwa, rudia kalkulasi na uwezekano vya kidato cha sita kwa kalamu, siyo kwa kutazama video.

Mwanachama, Eldoret: Niaje. Hesabu nilipata A minus KCSE. Akchuari iko na kazi huku Kenya ama ni jina kubwa tu?

Jibu: Iko, lakini Nairobi, JKUAT, Strathmore na vyuo vingine vinatoa wahitimu wengi, kwa hiyo cheti peke yake hakikutofautishi na mwenzako. Kabla ya kujaza maombi ya KUCCPS (wanaopangia wanafunzi vyuo huko Kenya), uliza chuo kama kina msamaha wa baadhi ya mitihani ya kitaaluma; hiyo inakuokolea pesa na muda. Jaribu mtihani mmoja au miwili ukiwa bado kampasi. Na usijifunge kwa bima tu. Tangu M-Shwari ianze 2012, mikopo ya simu imehitaji sana watu wa uwezekano.

Mzazi, Morogoro: Mwanangu, asante kwa somo. Binti yangu anapenda kufundisha, lakini baba yake anasema ualimu hauna ajira, achukue Hisabati tupu. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo mama. Kama kweli anapenda kufundisha, achukue yenye Elimu, maana mwalimu wa hisabati anatafutwa na shule binafsi hata serikali isipoajiri mwaka huo. Akichukua Hisabati tupu bado anaweza baadaye kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu, lakini ni ada nyingine na muda mwingine. Mngemwuliza yeye mbele ya baba yake, mkasikia anasemaje.

Mwanachama, Mbeya: Kaka, kwani akili mnemba si itafanya hizi kazi zote? Naona inaandika R yenyewe.

Jibu: Inaandika, na mimi huitumia. Sasa rudi kwenye ule mfano wa wilaya mbili. Ukiipa zile kaya 400 bila kuiambia sampuli ilivyochukuliwa, itaijuaje? Ukiwa mtu wa kubofya tu, ndiyo, una wasiwasi wa haki. Anayejua data zilikotoka ana kazi zaidi sasa, kwa sababu majibu mabovu yamekuwa rahisi kutengeneza.

Mwanachama, Tanga: Mkuu, laptopu ya kuanzia iwe ya aina gani? Bumu la kwanza (hela ya mkopo ya kujikimu) nataka ninunue.

Jibu: Iliyotumika inatosha, mradi iwe na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. R na Python zitakwenda bila shida. Usimalize bumu lote kwa laptopu halafu ukashindia mihogo semista nzima. Mwaka wa kwanza maabara ya chuo inakutosha, nunua semista ya pili. Betri ipime mwenyewe dukani, usikubali kuambiwa.